Shule ya Sheria Karibu na Nyumbani: Elimu ya Uwakili Afrika Mashariki

Kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na chuo hata kimoja Tanganyika, Kenya, Uganda wala Zanzibar kilichotoa shahada ya sheria. Kijana wa Bukoba, Kisumu au Gulu aliyetaka kuwa wakili alikuwa na njia moja tu, nayo ni kupanda meli. Leo mhitimu wa sekondari hukaa na wazazi wake wakajadili kama asome sheria Mwanza au Iringa, Eldoret au Mombasa, Mukono au Kampala. Wanapima nauli, ada, kodi ya chumba, shangazi anayeishi mji ule na sifa ya chuo. Kwa babu yake mjadala huo usingekuwa na maana yoyote. Ulianza kuwezekana ndani ya maisha ya watu ambao wengine wao bado wako hai.

Mwambao, hata hivyo, ulikuwa na elimu yake ya sheria tangu zamani. Muda mrefu kabla ya ukoloni, fikihi ilisomwa misikitini na kwenye nyumba za masheikh wa Lamu, Mombasa, Unguja na Komoro. Mwanafunzi aliketi mbele ya sheikh na kitabu chake cha Kiarabu, akasoma kifungu, sheikh akamfasiria kwa Kiswahili, kisha wakaingia kifungu kinachofuata. Miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa zaidi na wafuasi wa madhehebu ya Shafi kilikuwa Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi, ambacho ndani yake mna ndoa, talaka, mirathi, wakfu, mauziano na ushahidi. Somo lilikwenda polepole, kwa miaka, na mwanafunzi hakulazimika kuhama nyumbani kwao.

Waliotaka kuongeza elimu walisafiri. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Komoro mwaka 1861 na kuwa kadhi mashuhuri wa Unguja hadi alipofariki mwaka 1925, alifika Istanbul na Cairo. Lakini safari za namna hiyo zilikuwa nyongeza, si sharti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi 1947, alisoma kwa masheikh wa Mombasa na Unguja, akiwemo huyo bin Sumayt. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyeshika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1968, alikuwa zao la Unguja. Kadhi wa aina hii alihukumu watu aliokua nao. Alijua mashamba yao ya minazi yaligawanywaje na bibi zao waliolewaje, na shauri lilisikilizwa kwa lugha ambayo mama mjane aliielewa bila mkalimani. Elimu ya sheria iliyokuja baadaye ilichukua miongo mingi kuifikia hali hiyo, na katika baadhi ya mambo haijaifikia bado.

Waingereza walipojenga mahakama zao waliliacha somo hilo pembeni. Kadhi alibakiwa na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Bara, mashauri ya Waafrika yalipelekwa kwenye mahakama za wenyeji zilizosimamiwa na machifu na watemi, na huko mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Juu yake zilikuwepo mahakama za mahakimu wa Kizungu na Mahakama Kuu, ambako mawakili Waingereza na Wahindi walishindana kwa Kiingereza. Mwafrika wa kawaida aliweza kumaliza maisha yake yote akidai na kudaiwa bila kukutana na wakili hata mara moja. Mtoto hawezi kutamani kazi ambayo hajawahi kumwona mtu wa kwao akiifanya.

Njia ya kawaida ya kuufikia uwakili ilipita London, katika vyama vinne vya kale vya mawakili: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple. Mwanafunzi alijiunga na kimojawapo, akafanya mitihani, na zaidi ya hapo akatakiwa kuhudhuria mihula 12, minne kila mwaka. Kuhudhuria huko hakukumaanisha kuingia darasani. Kulimaanisha kula chakula cha jioni ukumbini. Asiyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alitakiwa kula mara 6 kila muhula, aliyekuwa chuo kikuu mara 3, akiwa amevaa joho jeusi, akiketi kwenye meza ndefu na wenzake, huku wakubwa wa chama wakiwa kwenye meza yao ya juu. Aliyekosa idadi ya vyakula hakuitwa uwakili hata kama mitihani ameishinda yote. Kwa Mwingereza anayeishi jirani utaratibu huo ulikuwa desturi tu. Kwa kijana wa Kiafrika ulikuwa miaka mitatu ya kodi, makaa ya kupashia chumba na ada, mbali na mke, wazazi na shamba, ili kutimiza hesabu ya milo.

Fedha hazikuwa kikwazo pekee. Serikali za kikoloni zilitoa ufadhili kwa ualimu, udaktari, kilimo na ustawi wa jamii, lakini kwa sheria zilisita. Ghana, Nigeria na Sierra Leone zilikuwa na mawakili Waafrika tangu karne ya 19, na mawakili hao ndio waliokuwa wakiwasumbua magavana. Maofisa wa Afrika Mashariki hawakuwa na haraka ya kuzalisha watu wa namna hiyo. Ndiyo maana wa kwanza wengi walifika kwenye sheria kwa njia ya kuzunguka. Chiedo Argwings-Kodhek wa Kenya alipewa ufadhili wa kwenda Uingereza kusoma fani nyingine, akageukia sheria akiwa hukohuko. Aliporudi alikuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, na miaka ya Mau Mau aliwatetea washtakiwa ambao wengi waliogopa hata kuonekana nao. Uganda, Apollo Kironde alitangulia, wakafuata Godfrey Binaisa na Benedicto Kiwanuka. Kiwanuka alisoma kwanza Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, kisha akaenda London na kuitwa uwakili Gray's Inn mwaka 1956. Mwaka 1971 akawa Jaji Mkuu wa kwanza wa Uganda aliyekuwa Mganda, na mwaka uliofuata watu wa Idi Amin wakamkamata akiwa Mahakama Kuu na kumuua. Watu hao hawakuwa na chuo cha kuchagua. Walichagua kuondoka.

Tena kile walichokwenda kukisoma hakikulingana na kazi iliyowangoja nyumbani. London ilifundisha sheria ya ardhi ya Kiingereza, yenye historia yake ya mabwana na wapangaji, wakati Tanganyika ardhi kubwa ilishikwa kwa mila za koo. Ilifundisha sheria ya ushahidi ya Uingereza, wakati mahakama za Tanganyika zilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo iliendelea kutumika hadi Tanzania ilipotunga yake mwaka 1967. Mikataba nayo iliongozwa na sheria ya India ya mwaka huohuo wa 1872 hadi mwaka 1961. Kanuni za adhabu zilikuwa za India hadi mwaka 1930. Mahari, urithi wa wajane, dhamana ya ukoo juu ya mtoto, mambo yaliyojaza mabaraza kutoka Uhaya hadi Uluo, hayakuguswa kabisa. Isitoshe, mafunzo ya vyama vile yalimwandaa mtu kusimama na kuhoji mashahidi tu. Kuandika mkataba, kusajili kampuni, kutunza fedha za mteja na kuendesha ofisi yalikuwa mambo ya tawi jingine la taaluma nchini Uingereza. Afrika Mashariki wakili mmoja alitakiwa kuyafanya yote.

Uingereza yenyewe ilikiri kasoro hizo uhuru ulipokuwa mlangoni. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning, mmoja wa majaji mashuhuri wa karne ya 20, ilichunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika na kutoa ripoti mwanzoni mwa mwaka 1961. Ilisema wazi kwamba mafunzo ya London hayakutosha kwa mwanasheria wa Kiafrika, kwamba alihitaji kujua sheria za kimila na za Kiislamu za nchi yake, na kwamba elimu hiyo inapaswa kutolewa Afrika. Kwa upande wa Afrika Mashariki kamati ilielekeza macho Dar es Salaam. Mpango wa elimu ya juu ya kanda ulikuwa tayari umeanza kugawa fani: Makerere ilikuwa na udaktari, Nairobi uhandisi na utabibu wa mifugo. Tanganyika haikuwa na chuo, na fani kubwa iliyobaki bila mwenyewe ilikuwa sheria. Sheria pia haikuhitaji maabara wala hospitali ya kufundishia. Walimu, vitabu na vyumba vingetosha kuanzia.

Vyumba vilitolewa na chama cha TANU. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita hivi kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, kilifunguliwa katika jengo jipya la chama Mtaa wa Lumumba, lile ambalo baadaye lilikuja kuwa ofisi ndogo ya CCM. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi walikuwa 14 tu kutoka nchi za Afrika Mashariki. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt wa Kanada, na mkuu wa kitivo alikuwa A.B. Weston. Hadi chuo kilipohamia mlimani Ubungo mwaka 1964, wanafunzi wa sheria walijifunza katikati ya mji, jirani na Kariakoo. Ukitoka darasani unakutana na mikokoteni, maduka ya Wahindi, wazee wa baraza na wanasiasa wa taifa linalozaliwa. Chuo cha sheria kilichoanza ndani ya jengo la chama cha ukombozi, huku serikali mpya ikiandika sheria zake katika mji huohuo, ni jambo la kujivunia, na linaeleza mengi kuhusu tabia iliyofuata ya kitivo hicho.

Walimu wa mwanzo karibu wote walitoka nje: William Twining na Patrick McAuslan walikuwa miongoni mwao. Yash Pal Ghai, Mkenya, alijiunga mwaka 1963 na baadaye akawa mkuu wa kitivo. Waligundua mapema kwamba hawana cha kufundishia. Vitabu vya Kiingereza vilikuwepo, lakini havikuwa na kesi hata moja ya Mwanza au Mbale. Ilibidi wakusanye wenyewe hukumu za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, sheria za Bunge, amri za serikali na maandishi ya maofisa waliorekodi mila, wazipige chapa na kuwagawia wanafunzi kwa mafungu. Wakati wa likizo wanafunzi walipelekwa kukaa mahakamani na kuona mashauri yanavyokwenda. Somo la mifumo ya sheria ya Afrika Mashariki liliwekwa mwanzoni kabisa, ili mwanafunzi ajue mahakama ya mwanzo kabla ya kujua Bunge la Uingereza. Mwaka 1968 kitivo kilianza kutoa jarida lake, Eastern Africa Law Review. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi walianzisha kamati ya msaada wa kisheria iliyowasikiliza watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo ambalo lingeweza kufanyika London. Hapa ndipo faida ya kusoma karibu na nyumbani inapoonekana: nauli ilipungua, ndiyo, lakini pia mwananchi mwenye shauri alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka darasani.

Serikali nayo ilikuwa ikibadilisha sheria kwa kasi ambayo mwanafunzi aliyekuwa nje asingeweza kuifuata. Mwaka 1963 lilitoka tangazo lililokusanya sheria za kimila za makabila ya mfumo wa baba, likitegemea zaidi kazi ya mtafiti wa mila, Hans Cory. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyofuta utengano wa mahakama za wenyeji na kujenga ngazi moja kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyasoma mageuzi hayo wino haujakauka.

Kwa muda wa miaka kama 10 kitivo hicho kilikuwa cha kanda nzima. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na aliyetaka shahada ya sheria, awe Mganda au Mkenya, alikwenda Dar. Augustino Ramadhani, Benjamin Odoki na Willy Mutunga wote walisoma sheria Mlimani katika kipindi kilichoanza miaka ya 1960 na kuishia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye Odoki alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda kuanzia mwaka 2001 hadi 2013, Ramadhani wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na Mutunga wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016. Joseph Warioba, Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, alihitimu hapo mwaka 1966. Julie Manning, Mtanzania mwanamke aliyekuwa wa kwanza kusomea sheria katika chuo hicho, alikuja kuwa jaji na Waziri wa Sheria. Ni vigumu kufikiri kwamba familia nyingi za wakati huo zingemruhusu binti aende London peke yake kwa miaka mitatu. Dar es Salaam palifikirika.

Si kila mtu alifurahi. Nairobi ilikuwa na mawakili wengi, wengi wao Wazungu na Wahindi waliofunzwa kwa njia ya zamani, na walikuwa na mashaka na kitivo kilichofundisha historia, siasa na jamii pamoja na sheria. Kenya ikachukua njia yake. Sheria ya Mawakili ya mwaka 1961 iliunda Baraza la Elimu ya Sheria, na mwaka 1963 Shule ya Sheria ya Kenya ikafunguliwa Nairobi. Iliwafundisha makarani wanagenzi: kijana alifungwa kwa mkataba na wakili mwenye ofisi, akafanya kazi chini yake kwa miaka, huku akihudhuria masomo ya shule hiyo, hadi akaapishwa bila kupita chuo kikuu. Njia hiyo ilikuwa karibu zaidi na nyumbani kwa mkazi wa Nairobi, lakini ilimtegemea mwenye ofisi. Bila wakili wa kukupokea hakuna mkataba, na ofisi nyingi zilipokea watu wa jamii zao. Ukaribu wa jengo hausaidii kitu kama mlango unafunguliwa kwa kujuana, na kwa hilo mfumo wa uanagenzi ulistahili kukoma kama ulivyokoma.

Muungano wa vyuo ulivunjika katikati ya mwaka 1970. Makerere ilikuwa imeanzisha masomo ya sheria mwaka 1968, na Nairobi ikafungua kitivo chake mwaka 1970, kilichokuja kukaa Parklands. Kila nchi sasa ilikuwa na shahada yake. Mwanafunzi wa Kampala hakulazimika tena kwenda pwani, na hilo lilikuwa jambo jema kwake na kwa mzazi wake. Kilichopotea ni darasa moja ambamo Mganda, Mkenya na Mtanzania walibishana juu ya hukumu moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, yenye mahakama yake Arusha, inahangaika kulinganisha sifa za mawakili wa nchi wanachama, kazi ambayo kwa kizazi kimoja ilikuwa imefanywa na bweni.

Uganda ilitenganisha mapema shahada na mafunzo ya vitendo. Kituo cha Maendeleo ya Sheria kilianzishwa Kampala mwaka 1970, kikirithi kazi iliyokuwa ikifanywa na shule ya sheria ya Nsamizi, Entebbe, na kila mhitimu aliyetaka uwakili alitakiwa kupita hapo. Kenya iliigeuza Shule yake ya Sheria, ambayo sasa iko Karen, kuwa hatua ya baada ya shahada. Tanzania ilikaa muda mrefu ikitumia utaratibu wa mafunzo kazini serikalini na usaili mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria.

Pembeni mwa vyuo vikuu palikuwa na elimu nyingine ya sheria ambayo wasomi huisahau, ingawa ndiyo iliyowagusa wananchi wengi zaidi. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo walifunzwa Mzumbe, Morogoro, na tangu miaka ya 2000 chuo cha Lushoto mkoani Tanga kimekuwa kikitoa cheti na stashahada kwa watumishi wa mahakama. Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akiweza kukaa na washauri wa baraza, na mashauri ya ndoa, madeni, mifugo na matusi huishia hapo kwa watu wengi. Hakimu wa ngazi hiyo mara nyingi hupangiwa kazi vijijini. Anachokijua kuhusu ushahidi kina uzito mkubwa kwa kijiji hicho kuliko hotuba ya profesa yeyote.

Tanzania Bara ilibaki na kitivo kimoja cha sheria hadi miaka ya 1990. Kisha milango ikafunguka kwa pamoja. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilileta sheria hadi kwa mtu ambaye hawezi kuacha kazi. Karani wa mahakama, polisi au mwalimu aliyekuwa Sumbawanga au Songea alisoma usiku kwa vitabu vya chuo, akakutana na walimu kwa vipindi vya ana kwa ana, na kufanya mtihani kwenye kituo cha mkoa wake. Iringa ilipata masomo ya sheria kupitia Chuo Kikuu cha Tumaini, na baadaye Ruaha. Zanzibar ilipata Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, mwaka 1998, ambako sheria na sharia zilifundishwa chini ya paa moja, na hivyo elimu ya masheikh wa zamani na ile ya mawakili zikakutana tena. Mzumbe ikawa chuo kikuu. Mtakatifu Augustino ikafundisha sheria Mwanza. Kenya ilikuwa na Moi huko Eldoret tangu mwaka 1994, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi kikapeleka masomo ya sheria Mombasa na Kisumu, vyuo binafsi vikafuata. Uganda ilipata chuo cha sheria Mukono na vingine vingi Kampala.

Kwa mara ya kwanza, basi, mwanafunzi wa kawaida alikuwa na la kuchagua. Chuo cha karibu kilimwezesha kulala nyumbani, kusaidia biashara ya familia, kulea mtoto, na kuanza mapema kujulikana na mahakama na mawakili wa mji atakaofanyia kazi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Uwakili ni kazi ya kuaminiwa, na kijana aliyefanya mafunzo ya likizo katika masjala ya mahakama ya mkoa wake anawajua makarani, anajua majalada yanapokwama, na wateja wake wa kwanza mara nyingi ni majirani. Kwa upande mwingine, vyuo vipya vingi vilianza na maktaba nyembamba na walimu wachache waliogawana vyuo viwili au vitatu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Baraza la Elimu ya Sheria la Kenya na Baraza la Sheria la Uganda zimelazimika mara kwa mara kuuliza swali gumu: kozi hii ina sifa za kumfikisha mtu kwenye uwakili?

Tanzania ilijibu kwa kujenga lango moja. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na mwaka 2008 ikapokea wanafunzi wa kwanza Dar es Salaam. Tangu hapo shahada pekee haitoshi. Mhitimu wa Mwanza, Iringa, Dodoma au Chuo Huria anakwenda Dar es Salaam kujifunza kuandaa hati za madai, kuendesha kesi, kuandika mikataba na maadili ya kazi, kisha anafanya mitihani kabla ya kuomba kuapishwa na Jaji Mkuu. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 yalishtua nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe, ambaye mwenyewe aliwahi kufundisha sheria Mlimani. Wengine walivilaumu vyuo kwa kutoa shahada dhaifu, wengine waliilaumu taasisi kwa namna inavyofundisha na kutahini.

Katika kelele hizo jambo moja halikupewa nafasi ya kutosha. Wengi wa wanafunzi hao walisoma shahada karibu na kwao kwa sababu ndivyo uwezo wao ulivyoruhusu, na sasa walikuwa Dar es Salaam, jiji ghali, wakilipa ada na kodi ya chumba, baadhi wakifanya vibarua, wakiandaliwa kwa mitihani migumu kuliko yote waliyoifanya. Kushuka kwa ubora kulikuwepo na hakupaswi kufichwa. Lakini umbali na gharama vinachuja watu kwa vigezo ambavyo havina uhusiano na sheria, kama vyakula vya London vilivyowachuja babu zao.

Lugha nayo ni umbali wa aina yake. Mwanafunzi wa Tanzania husoma sheria kwa Kiingereza, ingawa mteja wake, shahidi wake na mara nyingi hakimu wake huzungumza Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria na kuandika hukumu kwa Kiswahili ikashika kasi. Vitabu vya kufundishia sheria kwa Kiswahili bado ni vichache mno. Walimu wa sheria wana deni hapo, kwa sababu wenzao wa miaka ya 1960 waliweza kukusanya na kupiga chapa karibu kila kitu wenyewe ndani ya miaka michache.

Kuhusu lango la mwisho, Uganda imekwenda mbele ya jirani zake. Kituo chake cha Maendeleo ya Sheria, ambacho kwa karibu nusu karne kilikuwa Kampala tu, kilifungua kampasi Mbarara mwaka 2018, na baadaye nyingine Lira, upande wa kaskazini. Mhitimu wa Ankole au Lango anaweza sasa kumaliza hatua zote, kutoka shahada hadi mafunzo ya uwakili, bila kuhamia mji mkuu. Zanzibar imeanzisha Skuli yake ya Sheria, ili kijana wa Pemba asilazimike kwenda Bara kwa ajili ya mafunzo ya vitendo. Tanzania Bara, yenye mikoa 26 na vyuo vya sheria karibu kila kanda, ina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, na inapaswa kufanya hivyo.